Kigari chako si lori: Piga hesabu hii kabla ya kufunga keria au trela

UMENUNUA Vitz, Demio au Note yako kwa jasho lako. Pengine mkopo wa sacco bado unakukata kila mwezi. Mwanzoni gari lilikuwa la kukupeleka kazini na kukurudisha. Sasa umeanza hasla pembeni: unasambaza mayai, unauza mitumba, unakodisha spika na viti vya sherehe, ama unasaidia wasee kuhama kutoka bedsita moja hadi nyingine.

Buti imeanza kukubana. Marafiki wanakushauri: "Weka keria juu, buda. Ama tafuta fundi akufungie trela."

Wazo lenyewe si baya. Gari moja likifanya kazi mbili, huo ni ujanja wa mjini. Ila kuna jambo moja unalofaa kulijua kabla ya kumlipa fundi yeyote, awe wa Kirinyaga Road, Kariobangi au mtaani kwenu. Keria na trela hukupa nafasi zaidi ya kuweka mzigo. Injini, breki, giaboksi na magurudumu hubaki yale yale yaliyotoka kiwandani.

Nafasi na uwezo ni vitu viwili tofauti. Wengi wanaoharibu magari yao, au kuumiza watu barabarani, huchanganya hivyo viwili.

ANZA NA KILO

Magari mengi madogo tuliyo nayo Kenya hutoka Japan. Huko, gari la abiria linapoandikishwa, kila mtu anayekaa ndani huhesabiwa kuwa na kilo 55. Gari la watu watano basi huandikishwa kwa kilo 275 juu ya uzito wake likiwa tupu.

Ukipata nakala ya cheti cha Japan kilichokuja na gari lako, utaona tarakimu mbili: uzito wa gari likiwa tupu na uzito wake likiwa limejaa. Toa ya kwanza kutoka kwa ya pili. Jibu ndilo bajeti yako ya kilo, na ndani yake umo wewe mwenyewe, rafiki uliyembeba, mzigo wa buti, mzigo wa paa na hata keria.

Sasa tupige hesabu. Una kilo 75, mwenzako ana 70. Hizo ni 145. Kwa Vitz yenye bajeti ya kilo 275, umebakisha 130. Hiyo ni mifuko miwili ya simiti ya kilo 50 na kitu kidogo juu yake. Ama mabando matano ya unga, maana bando la pakiti 12 za kilo mbili lina kilo 24. Ama mitungi sita ya maji ya lita 20. Basi. Hata beli za mitumba za kilo 45, ukipakia tatu umeshapitisha.

Linganisha na Probox. Ile iliyoundwa kama gari la mizigo iliandikishwa Japan kwa kilo 400 kukiwa na watu wawili, na 250 kukiwa na watano. Ndiyo maana Probox inapendwa na wafanyabiashara: iliundwa kwa kazi hiyo. Lakini hata yenyewe ina kikomo, licha ya vituko tunavyoona kila siku barabarani.

PAA LINA KIKOMO CHAKE

Watengenezaji wengi huruhusu paa la gari dogo kubeba kati ya kilo 50 na 75. Tarakimu kamili iko kwenye kitabu cha gari lako. Na kumbuka, kilo hizo zinajumuisha keria yenyewe.

Tuseme paa lako limeruhusiwa kilo 50, na fundi amekuchomelea keria ya chuma yenye kilo 20. Umebakisha 30 pekee. Hapo mfuko mmoja tu wa simiti hauingii kwenye hesabu. Ndiyo maana keria za alumini, ingawa bei yake huuma, hukuachia kilo nyingi za kutumia.

Kwa nini paa linadekezwa hivi? Mzigo wa juu hupandisha kitovu cha uzito wa gari. Ukikata kona, au ukikwepa bodaboda ghafla, gari huegemea upande mmoja na hukawia kurudi. Upepo wa basi linalokupita kwa kasi nao hukusukuma zaidi.

Kwa hivyo weka juu vitu vikubwa lakini vyepesi: godoro, viti vya plastiki, maboksi matupu. Vizito vikae chini ndani ya gari.

Epuka fundi anayetaka kutoboa paa ili afunge keria kwa bolti. Kila tundu ni mlango wa maji na kutu. Gari likiwa na reli juu, keria hushika reli. Lisipokuwa nazo, kuna aina zinazobana ukingo wa juu wa milango. Hakikisha inaoana na modeli yako, na baada ya kilomita chache simama ukaze nati tena.

Kuhusu kufunga mzigo, kamba ya manila hulegea. Nunua mikanda ya kukazia yenye kishikio cha chuma. Godoro lifungwe pia upande wa mbele, kwa sababu upepo ukiingia chini yake hugeuka tanga la mashua. Kitu kinachotokeza nyuma kifungie kitambaa chekundu. Ukimaliza kazi, vua keria, maana hata ikiwa tupu hukata upepo na kunywa petroli yako.

NDANI YA BUTI

Ukikunja viti vya nyuma, kigari huwa na nafasi ya kushangaza. Mpangilio ndio muhimu. Kitu kizito zaidi kikae chini kabisa na mbele, kikiegemea mgongo wa kiti, kisha vyepesi vifuate nyuma na juu. Usikiache kitu kikielea. Ukipiga breki za ghafla, mtungi wa lita 20 hauna breki; unaendelea na safari hadi kisogoni mwako. Mkanda au wavu wa kuzuia mzigo ni bei ndogo kuliko hospitali.

Magari haya mengi huvutwa na magurudumu ya mbele. Ukilundika mzigo wote nyuma ya ekseli, mkia unashuka na pua inainuka. Usukani unakuwa mwepesi, magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko, na usiku taa zako zinawapofusha wanaokuja. Ukiona dalili hizo, umezidisha au umepanga vibaya.

Hapo ndipo wengi hukimbilia spesa au springi ngumu. Zitainua mkia wa gari, kweli. Breki je? Ni zile zile. Gari linaonekana fiti kwa nje huku limebeba mzigo lisioweza kuusimamisha. Na mwendo huongeza balaa: nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza ukiwa kilomita 80 kwa saa ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya kilomita 50, mzigo ukiwa ule ule.

Angalia pia ubavu wa gurudumu. Baada ya vipimo kama 175/65R14 kuna nambari, kwa mfano 82. Hiyo humaanisha gurudumu moja linaweza kubeba hadi kilo 475 likiwa na upepo sahihi. Ukinunua gurudumu, usikubali lenye nambari ya chini kuliko ya kiwandani. Upepo unaofaa umeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva.

TRELA SI MCHEZO

Swali la kwanza si bei ya trela. Ni hili: je, gari lako limeruhusiwa kuvuta? Kitabu cha Honda Fit ya soko la Marekani, kwa mfano, kinasema wazi kwamba gari hilo halikuundwa kuvuta trela. Ukikuta katazo kama hilo kwenye kitabu chako, mjadala umeisha hapo.

Giaboksi ya CVT, ambayo iko kwenye vigari vingi vya siku hizi, haipendi joto. Kuvuta mzigo mlimani huipasha moto sana, na ikiungua, bei ya kuibadilisha inaweza kumeza faida ya miezi kadhaa.

Kama kitabu kinaruhusu, tafuta tarakimu mbili: uzito wa trela lenye breki zake na uzito wa trela lisilo na breki. Ya pili huwa ndogo sana. Vitrela vingi vya jua kali havina breki, kwa hivyo hiyo ndiyo inayokuhusu. Uzito wa trela tupu nao unahesabiwa.

Kisha kuna chuma cha kuvutia chenyewe. Kifungwe kwa bolti kwenye sehemu ngumu za chesi. Kuchomelea kwenye bati la buti au kwenye bampa ni kujichimbia kaburi. Lile pete dogo lililo chini ya bampa nalo ni la kuokolewa ukikwama, halikukusudiwa trela. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, na hapa pembamba ni pale fundi alipotaka kumaliza kazi chap chap.

Kirungu cha kawaida cha kushikia trela dogo kina kipenyo cha milimita 50. Kikombe cha trela kiwe cha kipimo hicho hicho. Funga pia minyororo ya usalama, ili kirungu kikiachia, trela lisiende kutafuta watu kwenye kituo cha matatu. Taa za breki, indiketa na za usiku za trela lazima ziwake pamoja na za gari. Plagi ya pini saba hufanya kazi hiyo.

Upakiaji nao una kanuni. Karibu asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli ya trela. Ukipakia nyuma, trela litaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mwendo ukizidi, mkia utaanza kuendesha samaki. Likianza kuyumba, usikanyage breki kwa nguvu wala kupigana na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, acha mwendo upungue polepole.

Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kushuka Mai Mahiu, tumia gia ya chini tangu juu. Ukitegemea breki pekee, zitapata moto na kukosa kushika, nawe ukiwa bado katikati ya mlima.

SHERIA NA BIMA

Kifungu cha 56 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza gari kutumika barabarani likiwa na mzigo kuliko ule uliowekwa na mtengenezaji au na mkaguzi. Kwa hivyo ile bajeti ya kilo si ushauri wa kirafiki.

Trela nalo huandikishwa lenyewe. Ndiyo maana unaona yana nambari zake zinazoanza na herufi Z. Kuvuta kitrela kisicho na nambari ni kumkaribisha afisa wa trafiki.

Kisha toa karatasi zako za bima usome neno moja tu: matumizi. Kama limeandikwa la kibinafsi, nawe unabeba bidhaa za wateja kwa malipo, ajali ikitokea kampuni inaweza kukataa kulipa. Waarifu mapema kwamba unafanya biashara na kwamba umefunga keria au trela, na upate jibu kwa maandishi. Ada itapanda, lakini ni nafuu kuliko kulipa gari la mtu mwingine kutoka mfukoni.

JE, INAKULIPA?

Chukua kalamu. Andika mzigo wako wa kawaida wa wiki kwa kilo, kisha uugawe kwa bajeti ya gari lako. Ukipata safari mbili badala ya moja, piga hesabu ya petroli ya safari ya pili. Mara nyingi ni kidogo ukilinganisha na springi, breki na giaboksi.

Kama mzigo wako ni mkubwa lakini mwepesi, keria nzuri itakufaa sana. Kama ni mzito siku moja tu kwa wiki, kodisha pikapu siku hiyo na uweke gharama yake kwenye bei ya mteja. Na kama ni mzito kila siku, biashara yako imekua. Inahitaji gari la mizigo. Kigari chako kikiuzwa kikiwa bado kizima, ndicho kitakupa kianzio cha kulinunua.