Jina la Nguo na Heshima ya Mvaaji

Huko Ukunda na Diani, penye wageni wengi, wako vijana wauzao nazi za miezi mitatu ili wapate shati moja lenye jina la kampuni ya ng'ambo. Jina husomwa na wote, lakini shati huwapwaya mabegani, na karo ya ndugu zao hubaki deni.

Akina mama wa Kwale na Msambweni wana busara zaidi. Anunuapo doti ya leso, mwanamke hutazama pindo, mji na jina, yaani ule usemi unaolingana na moyo wake. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa lilianzishwa mwaka 1887, na leso zake hutambulikana kwa maneno “Mali ya Abdulla”. Lakini maneno hayo huandikwa kwa herufi ndogo. Usemi mkubwa ni wa mvaaji.

Basi kijana na ajue kwanza rangi na mkato umfaao. Shati la mtumba likipunguzwa na fundi wa cherehani, likafuliwa na kupigwa pasi, humpendeza kuliko la thamani lisilomkaa. Na karo italipwa.