Mjusi wa Tendaguru bado yuko ugenini

KATI ya mwaka 1909 na 1913 wapagazi walitembea takriban siku nne kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi, wamebeba mifupa vichwani na mabegani. Zaidi ya tani 200 zilipanda meli kwenda Berlin.

Ni mifupa ya mijusi wakubwa, yaani dinosaria, walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Ilikuwaje isioze? Mnyama akifia nyikani, fisi na jua humaliza kila kitu. Hawa walifia karibu na maji, tope na mchanga vikawafunika. Nyama ikaoza, mfupa ukabaki. Maji ya ardhini yakapenya ndani yake na kuacha madini, tundu kwa tundu, hadi ukawa mzito kama jiwe. Wengine miguu yao ilikutwa imesimama wima ardhini, dalili kwamba walinasa topeni.

Tabaka zenye mifupa zimepishana na tabaka zenye kombe za baharini. Maana yake bahari ilikuwa ikija na kurudi pale ambapo leo ni pori, kilomita 60 hivi kutoka Lindi.

Mkubwa wao, mwenye kimo cha mita 13 na ushei, alisimamishwa makumbusho ya Berlin mwaka 1937. Boheti bin Amrani, aliyesimamia wachimbaji, hatajwi sana, nayo si haki. Bungeni Tanzania imeulizwa zaidi ya mara moja mjusi atarudi lini. Bado yuko Berlin, na watalii wanalipa kumwona.