Mashine pepe inapogoma kuwaka

Mashine pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta. Programu kama VirtualBox au QEMU huigiza vifaa, na diski nzima huwa faili moja tu. Ofisi ya parokia inayotunza orodha ya ubatizo na ndoa humo inaweza kuihamishia yote kwenye kompyuta mpya kwa kunakili faili hilo. Shida huja ikiwashwa huko na kioo kikabaki cheusi. Wengi hukimbilia kufuta na kusimika upya, na hapo ndipo orodha hupotea kweli. Mara nyingi data ni nzima. Kilichokatika ni njia ya kuifikia.

Kwa hiyo nakili kwanza faili la diski, mashine ikiwa imezimwa kabisa, ufanyie majaribio kwenye nakala. Hili halina mjadala.

Sisi wa falsafa tunafundishwa kutochanganya dalili na chanzo, na kioo cheusi ni dalili tu. Kuwaka ni kama mbio za kupokezana vijiti: BIOS au UEFI humkabidhi GRUB, GRUB huita kerneli, kerneli hutafuta diski. Uliza kijiti kimeanguka wapi.

Kama hata GRUB haionekani, shuku mkimbiaji wa kwanza. BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski, kwa kawaida baiti 512. UEFI hutafuta faili kwenye sehemu maalumu ya diski yenye mfumo wa FAT. Diski iliyosimikwa kwa UEFI haiwaki kwenye mashine iliyopangwa kwa BIOS. Katika VirtualBox dawa ni kuweka tiki kwenye Enable EFI.

GRUB ikionekana, kisha Linux ikakwama, tazama majina. Diski iliyoitwa sda huweza kuitwa vda kwenye QEMU, na /etc/fstab yenye jina la zamani itaelekeza pasipo na kitu. Andika UUID badala yake. Windows ikikosa draiva ya diski huonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Irudishe kwenye kidhibiti cha diski ilichokizoea, iwake, ndipo usimike draiva mpya.

Kuingia kwenye diski isiyowaka, washa mashine kwa ISO ya Linux. Ukiyaona mafaili, yatoe nje kabla ya kurekebisha chochote.

Usipoyaona, linganisha ukubwa wa nakala na faili la asili. Flashi ya FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, na diski za mashine pepe huzidi hapo mara nyingi.