Mtoto Anapotaka Sherehe ya Zimamoto

Mtoto wetu wa mwisho alipokaribia kutimiza miaka mitano, tulimwuliza angependa nini siku yake ya kuzaliwa. Tulitegemea aseme mpira au viatu vipya. Akajibu bila kufikiri mara mbili: "Nataka kuwa zimamoto." Alikuwa ameliona gari lao jekundu likipita barabarani na king'ora chake, na tangu siku hiyo kila boksi nyumbani liligeuka gari, na kila kamba ikawa mpira wa maji.

Baba yake alicheka. Sisi hatukucheka. Tuliutazama mkono wake wa kushoto, ambao ngozi yake kuanzia chini ya kiwiko ina rangi tofauti, tukanyamaza.

Akina mama wapendwa, ili mwelewe kwa nini tulinyamaza, hatuna budi kuwasimulia jambo ambalo kwa muda mrefu tuliona haya kulisema. Mtoto huyu alipokuwa na miaka miwili na nusu alivuta kitambaa cha meza, na bakuli la uji wa moto likamwagikia mkono wake. Wakati huo sisi tulikuwa kanisani tukiandaa semina ya akina mama. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani alifanya kile alichokiona kikifanywa kwao tangu utoto: alimpaka mtoto dawa ya meno, kisha akamfunga kitambaa. Tuliporudi tulimgombeza dada yule mbele ya majirani hadi akalia.

Usiku ule tulikaa wodini, si kwa zamu bali kama mama wa mgonjwa, na swali moja likatujia. Je, ni nani aliyewahi kumfundisha? Kazi yetu ni uuguzi. Kwa miaka mingi tumewafundisha akina mama kliniki namna ya kumsaidia mtoto aliyeungua. Lakini binti anayelala chini ya paa letu na kuwapikia watoto wetu, hatukuwahi kumwambia hata neno moja. Kosa lilikuwa letu.

Mkono ulipona, ila hofu ilibaki. Umeme ukikatika na mshumaa ukawashwa, mtoto alijificha nyuma ya mlango. Kwa hiyo tuliposikia neno "zimamoto" kutoka kinywani mwake, kwanza tuliogopa, kisha tukaona kwamba huenda Mungu anatufungulia mlango.

Kupatana kwanza na baba

Baba watoto hakupenda wazo la sherehe. Alisema siku hizi watu wanashindana kwa keki na mapambo hadi wanakopa. Alikuwa na haki. Tukapatana hivi: watoto wasizidi kumi, zawadi zisiletwe, mapambo yatengenezwe nyumbani, na shughuli ianze saa tisa alasiri na kwisha saa kumi na moja. Ianze kwa sala ya shukrani, kwa sababu mtoto yupo hai. Hapo baba akasema, "Basi nami nitasimulia hadithi ya Biblia."

Wazazi wa watoto tuliwaomba jambo moja tu: mtoto avae nguo isiyo na hasara ikilowa, na aje na nguo ya kubadili.

Vifaa

Dukani tuliomba maboksi mawili makubwa. Tuliyatoboa juu na chini ili mtoto aingie ndani na kulibeba gari lake kwa kamba mabegani. Tukayapaka rangi nyekundu, na sahani za karatasi zikawa magurudumu. Kofia tulizikata katika karatasi ngumu nyekundu. Chupa za maji za plastiki zilitobolewa vifuniko kwa msumari, ukiiminya maji yanaruka mbali. Watoto wetu wakubwa walifanya kazi hii jioni tatu na hawakugombana, jambo ambalo si la kila siku.

Jikoni

Ingekuwa aibu kufanya sherehe ya zimamoto huku mafuta yakichemka katikati ya watoto. Ndiyo maana keki tuliioka siku moja kabla, kwenye sufuria yenye makaa juu ya mfuniko, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Sambusa zilikaangwa asubuhi. Ilipofika saa saba mchana mafuta yalikuwa yamepoa na kuhifadhiwa, na mlango wa jikoni ukafungwa. Chakula kilichobaki hakikuhitaji moto: bisi, vipande vya tikiti maji, na juisi ya rozela ambayo kwa wekundu wake iliwafurahisha sana watoto. Meza haikuwekwa kitambaa. Tangu ajali ile, nyumbani kwetu meza haina kitambaa kinachoning'inia.

Kibiriti kilikaa mfukoni mwa aproni yetu siku nzima. Na tukumbushane hapa: mafuta ya taa yasihifadhiwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

Michezo minne

Mchezo wa kwanza ulikuwa kuzima moto. Tulibana miali ya karatasi ya rangi ya machungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, juu ya tuta la mchicha ili maji yasipotee bure. Watoto walitakiwa kuilowesha kwa chupa mpaka ianguke.

Hapa tulikuwa karibu kukosea. Siku ya majaribio mtoto wetu alisema, "Nyumba ikiungua, mimi nitaizima." Tulishtuka. Mchezo ulikuwa unamfundisha kinyume! Kazi ya mtoto wa miaka mitano si kuzima moto. Kazi yake ni kutoka nje na kumwita mtu mzima. Tukabadili kanuni: kabla ya kupewa chupa, kila mtoto alipaswa kwanza kukimbia hadi kwenye mwembe ulio uani na kupaza sauti, "Moto!" Hapo ndipo tulimvika kofia na kumwambia, "Sasa umekuwa mtu mzima wa zimamoto."

Mchezo wa pili ulikuwa kutambaa chini ya moshi. Akina mama wawili walishika kanga kwa usawa wa goti, na watoto wakapita chini yake kwa magoti na mikono. Moshi na hewa ya moto hupanda juu, na hewa nzuri kidogo hubaki karibu na sakafu. Njia iliishia kwenye mwembe, kwa sababu kila nyumba inafaa iwe na mahali pa kukutania ili wazazi wahesabu watoto. Ndani ya "nyumba" tuliacha kidoli na kigari, tukaona nani atarudi kuvichukua. Walirudi watatu. Tuliwafundisha tena taratibu: ukishatoka, hurudi, hata kwa kitu unachokipenda mno.

Mchezo wa tatu ni maneno matatu: simama, lala, gaagaa. Nguo ikishika moto, kukimbia huuongezea moto hewa. Watoto walisimama, wakalala kwenye mkeka, wakafunika uso kwa viganja, wakagaagaa huku na huku. Huu waliupenda kuliko yote.

Mchezo wa nne ulihusu kuogopa. Watoto wadogo, nyumba ikijaa moshi, mara nyingi hujificha chini ya kitanda au kabatini, na anapoingia mtu mwenye barakoa na pumzi nzito, huzidi kujificha. Mjomba alivaa koti la mvua, mabuti ya mpira, kofia ya pikipiki na kitambaa usoni, akaingia akipumua kwa kishindo. Binti mmoja aliangua kilio na kuingia chini ya meza. Mjomba aliketi palepale chini, akavua kitu kimoja kimoja hadi sura yake ikaonekana. Kisha akamwomba binti amvalishe tena yeye mwenyewe. Mwisho binti alimshika mkono na kutoka naye nje.

Kituo cha dada

Jambo tulilolitaka zaidi tulimwachia dada yule yule aliyepaka dawa ya meno. Tulikuwa tumemwomba msamaha siku nyingi kabla, na tukajifunza pamoja naye. Siku ya sherehe alisimama kwenye bomba la uani akiwa na kidoli, beseni na kitambaa safi, akawafundisha watoto: "Ukiungua, maji!"

Mama zao waliokuja kuwachukua walisogea kusikiliza, naye akaendelea bila haya. Maji yawe ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Aliwaonyesha kwenye saa ya ukutani: mshale mrefu utoke kwenye 12 hadi kwenye 4. Pasipo bomba, mimina taratibu kwa jagi. Yanasaidia hata kama saa mbili au tatu zimepita tangu mtoto aungue. Vua nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, ila kilichonata usikivute. Sehemu nyingine ya mwili ifunikwe ili mtoto asipatwe na baridi. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta, na usiweke barafu. Lengelenge lisitumbuliwe. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi kisichonata.

Sisi tuliongeza la hospitali: mpeleke mtoto ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, au likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio. Mtoto mchanga apelekwe hata likiwa dogo. Mama mmoja alikiri kwamba maisha yake yote alijua yai tu. Hakuna aliyemcheka.

Tuliwakumbusha pia kubandika ukutani namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo hapa Tanzania ni 114. Ndugu zetu wa Kenya hupiga 999 au 112. Anayepiga ataje kwanza mahali: mtaa, na kanisa au shule iliyo jirani. Watoto wafundishwe jina la mtaa wao, na waambiwe kwamba namba hiyo si ya mchezo.

Mshumaa mmoja

Baba alisimulia habari za Shadraka, Meshaki na Abednego, katika kitabu cha Danieli sura ya 3. Mtoto mmoja akauliza, "Mbona wao hawakuungua?" Baba alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Wao hawakwenda kuchezea moto. Walitupwa kwa nguvu, na Mungu akawa nao humo. Sisi ametupa akili ya kukaa mbali nao." Tulimshukuru moyoni kwa jibu hilo.

Ikafika saa ya keki. Tulikuwa tumeamua kuweka mshumaa mmoja, si mitano. Maputo na mapambo ya karatasi yalikuwa mbali, na maputo ya gesi hatukununua kabisa, maana mengine hujazwa gesi inayolipuka. Wasichana waliovaa gauni za neti walisimama nyuma. Ndoo ya maji ilikuwa karibu.

Tulimnong'oneza mtoto kwamba kama hataki, tutakata keki bila mshumaa. Alimtazama dada aliyekuwa amesimama na jagi la maji. Akauliza, "Dada, maji yapo?" Dada akamjibu, "Yapo, mwanangu." Akatikisa kichwa kukubali. Baba akawasha. Mtoto alishika kidole cha baba yake kwa nguvu, akapuliza mara moja, mshumaa ukazimika. "Nimeuzima," akasema, wala hakupiga kelele.

Hatusemi kwamba hofu imekwisha yote. Bado hakai karibu na jiko, na hilo tunalishukuru. Lakini umeme ukikatika siku hizi hajifichi. Huuliza maji yako wapi.

Mama mwenzetu, huenda mwanao hataomba sherehe ya zimamoto, nawe huenda huna nafasi ya kuifanya. Si lazima keki iwepo. Jioni ya leo, baada ya sala, mwite dada wa nyumbani, mwite bibi, waite watoto. Chagueni mti au geti la kukutania. Waonyeshe mshale wa saa kutoka 12 hadi 4. Na kama kuna mtu nyumbani mwako unayemlaumu kwa jambo ambalo hukuwahi kumfundisha, anza kwa kumwomba msamaha. Bwana azilinde nyumba zenu.