Mbung'o wa Tabora: Mama ndiye anayeamua urithi

Kama umewahi kupita kwa pikipiki kwenye misitu ya miombo kati ya Tabora na Kaliua, huenda unamjua. Anatua begani kimya kimya, anachoma kupenya shati, na ukimpiga kofi anaruka tena kama hakuna kilichotokea. Wengine humwita mbung'o, wengine ndorobo.

Mdudu huyu ni moja ya sababu kubwa zilizofanya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji itegemee vichwa na mabega ya wapagazi. Ng'ombe na farasi hawakudumu njiani, maana mbung'o huwaambukiza nagana. Mwaka 1877 wamisionari kutoka London walijaribu kwenda Ujiji kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakianzia Saadani. Ng'ombe wakafa, mizigo ikarudi kwa wapagazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912.

Sasa, ukimchunguza mbung'o kwa ndani, utakuta familia ya ajabu kidogo.

Inzi wa kawaida hutaga mayai kwa mamia. Mbung'o hatagi. Yai huanguliwa tumboni, na buu mmoja tu hulelewa humo kwa maziwa. Ndiyo, maziwa, yanayotoka kwenye tezi maalumu. Kila baada ya siku 9 au 10 hivi mama huzaa buu huyo, naye hujichimbia kwenye udongo na kuibuka baada ya mwezi hivi akiwa na mabawa. Maisha yake yote, jike huzaa watoto kama 10 tu.

Maziwa hayo hubeba pia bakteria. Mmoja anaitwa Wigglesworthia, na kazi yake ni kutengeneza vitamini B ambazo damu pekee haitoshelezi. Bila bakteria huyu jike hazai. Vimelea vya malale, kwa upande mwingine, havirithiwi. Mbung'o mchanga hutoka udongoni akiwa safi, kisha huvipata kwa kunyonya damu ya mnyama au mtu aliyeambukizwa.

Yupo bakteria mwingine, Wolbachia, anayepita ndani ya yai. Hapa ndipo mambo yanapochangamka. Dume mwenye Wolbachia akikutana na jike asiye naye, mimba huharibika mapema. Lakini jike mwenye Wolbachia huzaa na dume yeyote bila shida. Yaani baba hawezi kumrithisha bakteria huyo kwa mtoto, ila anaweza kuharibu uzazi wa majike wasio naye. Kizazi baada ya kizazi, ukoo wa majike wenye Wolbachia unaongezeka.

Jambo linalofanana na hilo liligunduliwa kwa wale inzi wadogo wanaozunguka maembe yaliyoiva. Katika karne ya 20, kipande cha DNA kinachoitwa P kiliwaingia inzi wa matunda wa porini kutoka spishi nyingine. Kipande hiki huruka: hujikata sehemu moja ya kromosomu na kujipachika kwingine, kikivuruga jeni kinapotua. Baba mwenye P akizaa na mama asiye nayo, watoto huweza kuwa tasa. Geuza, mama awe nayo na baba asiwe nayo, watoto wako salama. DNA waliyorithi ni ile ile! Tofauti ni kwamba mama huweka ndani ya yai vijipande vya RNA vinavyoitambua P na kuizima. Manii ya baba hayaleti kinga hiyo.

Na mbung'o je? Mwaka 2014 wanasayansi walipochapisha ramani ya vinasaba vyake, walikuta vipande vya DNA ya Wolbachia vimeshajipachika kwenye kromosomu zake. Mgeni alikuwa amehamia kabisa.

Haya yote yana kazi. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu, hivyo akipata dume tasa, imekwisha. Ndivyo mbung'o walivyotokomezwa Unguja: madume waliozalishwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege kuanzia 1994, na mbung'o wa mwisho wa porini alionekana Septemba 1996. Tabora haina bahari ya kuizunguka. Ukisafisha msitu mmoja, wengine wanaingia kutoka msitu wa jirani. Kwa hiyo watafiti wanajaribu njia ya mama: kumbadilisha Sodalis, bakteria mwingine anayepita kwenye maziwa, ili azuie vimelea vya malale, kisha kumtumia Wolbachia kumsambaza. Bado iko maabara.

Kwa sasa warina asali na wafugaji wana mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi, rangi zinazomvuta mbung'o. Ndiyo maana nguo za rangi hizo si za kuvaa porini. Na ukipata homa na kichwa kuuma baada ya kung'atwa, mwambie daktari kwamba ulikuwa msituni. Malale ya upande huu hukimbia haraka, yanaweza kuua ndani ya miezi michache, na siku za mwanzo yanafanana sana na malaria.