Ukiachia Mafuta, Huna Usukani

Kwenye gati la Puerto Colón, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Tenerife, kila msafara wa jetski huanza kwa maelezo ambayo wageni wengi huyapokea kwa sikio moja. Wamekwisha kuvaa majaketi ya kujiokolea, simu zimo kwenye mifuko isiyoingiza maji, na macho yako baharini. Mwongozaji anaonyesha pa kuwashia na pa kuzimia, kamba ya kufunga mkononi ili injini izimike ukianguka, na ishara za mkono za kusimama na kupunguza mwendo. Katikati ya hayo anasema jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, angelirudia mara tatu: ukitaka kukata kona, usiachie mafuta.

Mwendesha bodaboda akiona hatari mbele hufanya mambo mawili kwa pamoja bila kufikiri. Anaachia mafuta, anakata kona. Jetski humwadhibu kwa desturi hiyo. Haina propela iliyochomoza nje wala usukani ndani ya maji kama mashua. Chini ya tumbo lake kuna tundu lenye wavu wa chuma. Maji hufyonzwa hapo, hupita kwenye propela iliyofungiwa ndani ya bomba, kisha hutupwa nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Hendeli unazozishika hugeuza mdomo huo, basi. Kinachokigeuza chombo ni mkondo wa maji yanayotoka. Mkondo ukikatika, zungusha hendeli hadi mwisho wake: chombo kitazidi kwenda kule kule kilikokuwa kikielekea, makumi ya mita.

Namna hii ya kusukuma chombo ilipata umaarufu katika miaka ya 1950, pale Bill Hamilton wa New Zealand alipotengeneza boti za kupita kwenye mito ya kina kifupi yenye mawe, ambako propela ya kawaida ingevunjika. Faida hiyo ipo mpaka leo: mtu akianguka majini hakuna panga la kumkata. Lakini mkondo wenyewe si wa kuchezea. Watengenezaji huonya kwamba abiria anayeanguka kinyumenyume, nyuma kabisa ya bomba, anaweza kuumia vibaya ndani ya mwili kwa nguvu ya maji yale, na hushauri kuvaa suruali nzito ya kuogelea badala ya chupi ya ufukweni. Ni ushauri ambao watalii wengi huupuuza kwa sababu ya joto. Baadhi ya matoleo mapya yana kifaa cha kurudisha mkondo mbele ili kufunga breki, ila usidhani kila chombo cha kukodi kinacho. Uliza kabla hujapanda.

Kwenye maji mapana, kushindwa kukata kona ni jambo la kuchekesha. Chini ya ukuta wa mwamba ni habari nyingine, na Tenerife ni kisiwa cha kuta.

Msomaji aliyewahi kupanda jetski Diani, Bamburi au Paje amezoea bahari ya aina moja. Nje kule mawimbi huvunjika kwenye mwamba wa matumbawe, na ndani kunabaki maji yaliyotulia, mepesi, yenye mchanga chini. Matumbawe yamekwisha kumfanyia kazi kabla hajawasha injini. Pwani ya Tenerife haina kinga hiyo. Kisiwa hiki, kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Canary vya Hispania, ni mlima wa volkano uliojijenga kutoka sakafu ya bahari. Kilele chake, Teide, kina mita 3,715 juu ya maji, na ukipima tangu sakafuni unapata kama mita 7,500. Maana yake unachokiona ni nusu tu ya mlima. Nusu nyingine iko chini yako, na inateremka kwa ukali ule ule. Mawimbi yaliyosafiri kutoka mbali ndani ya Atlantiki hayakuti maji haba ya kuyachosha. Yanafika mguuni mwa mwamba yakiwa na nguvu zake karibu zote, yanaupiga, yanarudi, na yanaporudi yanakutana na yale yanayokuja. Ukitazama kwa mbali utaona maji yanapandapanda tu bila kupiga povu kubwa, ukayadhani yametulia. Kwa karibu hayana mwelekeo: wimbi hukuinua, jingine likakusukuma ubavuni, na chombo kilichozimwa mafuta hapo hubebwa popote.

Ndiyo sababu mwongozaji hukaa mbali na mawe hata pale wageni wanapomlilia asogee ili wapate picha. Nayo sheria ya Hispania iko upande wake. Mahali pasipowekwa maboya, ukanda wa mita 200 mbele ya ufukwe, na mita 50 mbele ya pwani nyingine yoyote, huhesabiwa kuwa eneo la waogaji, na chombo hakiruhusiwi kupita humo kwa zaidi ya noti 3, yaani kilomita tano na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Mita 50 zinaonekana nyingi ukiwa umesimama. Jetski inayokwenda kilomita 50 kwa saa huzimaliza kabla hujahesabu hadi nne.

Mgeni asiye na leseni huruhusiwa kuendesha kwa sababu yumo msafarani. Mwongozaji anatangulia na chombo chake, wengine wanamfuata kwa mstari, kila mmoja akiacha nafasi ya kutosha na akikaa pembeni kidogo ya povu la aliye mbele. Nafasi hiyo ndiyo wanayoizembea watu. Ajali nyingi ninazozihofia katika safari hizi hazina uhusiano na mwamba wala papa: ni jetski ya nyuma kuivaa ya mbele iliyosimama ghafla, na aliye nyuma anafanya kile kile tulichokitaja, anaachia mafuta akitumaini kupinda.

Tukishaelewana hapo, tuondoke bandarini.

Safari fupi huishia karibu. Safari ndefu hufuata pwani kuelekea kaskazini-magharibi, kupita La Caleta, Playa San Juan na Alcalá, mpaka kwenye majabali ya Los Gigantes, kilomita 20 hivi kutoka Puerto Colón. Sehemu ya kwanza ni pwani ya chini, ya mawe meusi. Hizo ni ndimi za lava zilizomiminika hadi baharini na kuganda. Kila mahali ulimi ulipokatika kuna kipande cha ukuta mweusi, na ukitazama vizuri utaona nyufa zimeugawa mwamba kuwa nguzo zilizosimama. Lava nzito ikipoa polepole hunywea, ikinywea hupasuka, na mipasuko hupendelea pembe tano au sita. Hakuna fundi aliyezichonga.

Wangazija hawahitaji kuelezwa rangi hii. Pwani yao ni nyeusi vilevile, kwa kazi ya volkano ya Karthala, ambayo mwaka 1977 lava yake iliharibu kijiji cha Singani. Waunguja na Wapemba wao wamezaliwa juu ya mawe meupe ya matumbawe, ndiyo maana ufukwe mweusi kama ule wa Playa de la Arena huwashtua. Mchanga wake ni basalti ile ile iliyosagwa na mawimbi, na saa saba mchana hauutembelei bila ndara.

Kisha pwani inainuka, na ghafla Los Gigantes yanakuzibia anga. Majabali haya hufikia mita 600 hivi mahali yanapopanda zaidi, wima kutoka majini. Ni ukingo wa safu ya Teno, moja ya sehemu kongwe za kisiwa, yenye umri wa miaka milioni 5 hadi 6. Teide, pamoja na ukubwa wake wote, ni mtoto mbele yake. Hapa ndipo ninapowasihi watu wazime injini kama mwongozaji ameruhusu, wakae mbali na ukuta, na watazame kwa dakika kumi nzima. Kwa mwendo wa kasi jabali hili ni pazia la kijivu tu.

Ukitulia, unaanza kuona kwamba ukuta umepangwa matabaka kwa matabaka, kama mikeka iliyolundikwa mmoja juu ya mwingine. Kila tabaka jeusi ni lava ya mlipuko mmoja. Baina yake kuna mistari myembamba myekundu, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Wekundu huo ni udongo na majivu yaliyokaa juani na mvuani kati ya mlipuko na mlipuko, madini yake ya chuma yakashika kutu, kisha lava iliyofuata ikayafunika na kuyachoma kama tofali tanuruni. Kwa hiyo mstari mwekundu ni muda wa kimya. Mahali palipo na mstari mnene, volkano ilinyamaza kwa muda mrefu. Palipo na lava juu ya lava bila wekundu, milipuko ilifuatana upesi.

Halafu kuna kuta nyembamba zinazoyakata matabaka hayo kutoka chini kwenda juu, nyingine zimesimama wima, nyingine zimeegemea. Wanajiolojia huziita daiki. Zilikuwa nyufa ambamo magma ilipanda ikitafuta njia ya kutokea, ikagandia njiani. Kwa kuwa mara nyingi mwamba wake ni mgumu kuliko ule unaouzunguka, bahari na mvua huula ule wa kando kwanza na daiki ikabaki imechomoza. Unachokitazama basi ni mabomba ya ndani ya volkano yaliyoachwa wazi baada ya bahari kumega ubavu wa mlima. Mtu anayepanda Teide kwa miguu hawezi kuyaona ya Teide, kwa kuwa bado yamefunikwa. Na bahari haijaacha kumega. Mawe huanguka kutoka Los Gigantes, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mwongozaji akatae kusogea.

Volkano yenyewe haijafa. Mlipuko wa mwisho Tenerife ulitokea Novemba 1909 huko Chinyero, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, si mbali na milima unayoiona nyuma ya majabali haya.

Kuna swali ambalo wageni huuliza: kwa nini safari hizi zimejaa upande huu na si kaskazini, ambako pwani pia ni ya ajabu? Jibu ni upepo. Pepo za kaskazini-mashariki huvuma juu ya visiwa hivi karibu mwaka mzima, na mlima mkubwa huzikinga. Kusini-magharibi ni demani, maji yake laini. Kaskazini ni joshini. Ila upepo uliozuiwa na mlima huzunguka pembeni, ukaongeza kasi kwenye rasi mbili, Punta de Rasca kusini na Punta de Teno kaskazini-magharibi. Msafara unaokaribia rasi hizo unaweza kutoka kwenye bahari shwari na kukuta maji yamechafuka ndani ya dakika chache. Mwongozaji akigeuza msafara kabla ya mahali palipoandikwa kwenye tiketi, usimdai pesa yako papo hapo. Kama unaweza kuchagua saa, chagua asubuhi.

Ule mteremko wa chini ya maji una jambo jingine. Kwa kuwa kina kirefu kiko karibu na nchi kavu, wanyama wa kina kirefu nao wako karibu. Kati ya Tenerife na kisiwa jirani cha La Gomera wanaishi mwaka mzima nyangumi weusi wenye kichwa cha mviringo, jamii moja na pomboo. Watafiti waliowabandika vifaa vya kurekodi katika maji haya, na kutoa matokeo yao mwaka 2008, waliwakuta wakizama hadi kama mita 1,000 na kuchomoka huko chini kwa mbio, hadi mita 9 kwa sekunde, kufukuza windo ambalo huenda ni ngisi wakubwa. Mbio za namna hiyo kwa pumzi moja humchosha mnyama. Anapoonekana ameelea juu, hasogei, mgongo uko juani, usidhani anakusubiri wewe. Anapumzika, kisha atazama tena.

Jetski ndicho chombo kibaya zaidi cha kumkaribia. Ni ya chini, ya kasi, na hubadili mwelekeo bila kutabirika. Kanuni ya Hispania ya mwaka 2007 inakataza kuingia ndani ya mita 60 za mnyama. Ndani ya mita 300 visizidi vyombo viwili, na kwa vinavyosogea karibu mwendo usipite noti 4 wala usimzidi mnyama anayekwenda polepole kuliko wenzake wote. Eneo lote hili la bahari, kutoka Teno hadi Rasca, ni hifadhi.

Kwa hiyo unapokata tiketi, acha kuuliza chombo kina nguvu za farasi ngapi. Muulize muuzaji wanafanya nini wakikutana na nyangumi njiani. Akisema wanawazunguka ili mpate picha nzuri, tafuta kampuni nyingine. Akisema wanapunguza mwendo, wanapita kwa mbali, na atakayetoka kwenye mstari kuwafuata atarudishwa bandarini, lipa.