Tenzi za Homer: Jinsi ya Kuzisoma Katika Tafsiri

Watu wengi wamesikia habari za vita vya Troy na za farasi wa mti, lakini ni wachache waliopata kusoma tenzi za kale ambazo zilieneza sifa za mashujaa wa vita hivyo. Wengine huogopa kuzianza, wakidhani ya kuwa ni lazima kwanza kujifunza Kiyunani cha kale. Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 1816 kijana mmoja Mwingereza, John Keats, ambaye hakujua Kiyunani, alikesha na rafiki yake wakisoma tafsiri ya George Chapman. Asubuhi hiyo alitunga shairi la kusifu aliyoyaona humo, na shairi hilo lasomwa hata leo. Walakini, mwenye kusoma tafsiri yampasa kukumbuka kwamba anasoma kazi ya watu wawili, mtungaji na mfasiri.

TENZI MBILI

Tenzi hizo ni Iliad na Odyssey. Wayunani wenyewe walisema ya kuwa mtungaji wake ni Homer, na wataalamu wengi huzihesabu kuwa za karne ya 8 au ya 7 kabla ya Kristo. Iliad ina mistari zaidi ya 15,600, na Odyssey ina mistari zaidi ya 12,000. Kila moja imegawanywa katika vitabu 24.

Iliad haisimulii vita vyote. Yasimulia majuma machache tu ya mwaka wa kumi, wakati Achilles alipomghadhibikia mfalme Agamemnon kwa kumnyang'anya Briseis, mwanamke aliyetekwa vitani. Utenzi huo waisha kwa maziko ya Hector, kabla mji haujaanguka. Mwenye kumtafuta farasi wa mti humo hatamwona. Habari zake zatajwa katika Odyssey. Utenzi huu wa pili wamhusu Odysseus, aliyekaa mbali na kwao miaka 20, yaani miaka kumi vitani na kumi njiani, na jinsi alivyorudi akakuta nyumba yake imejaa wanaume waliotaka kumwoa mkewe.

SAUTI ISIYOVUKA

Mswahili anayejua utenzi huhesabu mizani na kusikiliza vina. Wayunani hawakutumia vina katika tenzi hizi. Mstari wao ulikuwa na vipande sita, na kila kipande kilipimwa kwa silabi ndefu na silabi fupi, kwa kadiri ya muda ambao sauti hukaa kinywani. Kipimo hicho hakihamii kwa urahisi katika lugha kama Kiingereza, ambayo mashairi yake hufuata mkazo wa sauti. Basi kitu cha kwanza kinachopotea katika tafsiri ni mwendo wa mstari wenyewe.

Tena tenzi hizi zina maneno mengi yanayorudiwa. Achilles huitwa mwepesi wa miguu hata anapokuwa ameketi. Zamani wasomi walisumbuka kueleza jambo hilo. Ndipo Mwamerika Milman Parry alipoonyesha ya kuwa maneno hayo ni desturi ya waimbaji wasiotumia maandishi. Mwimbaji alikuwa na mafungu ya maneno yanayoenea katika mstari, kama fundi mwenye boriti zilizokwisha chongwa, akaweza kujenga wimbo wake papo hapo mbele ya watu. Kati ya mwaka 1933 na 1935 Parry na msaidizi wake Albert Lord waliwarekodi waimbaji wa Yugoslavia. Mmoja wao, Avdo Međedović, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliwatolea wimbo mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000. Hivyo kila mfasiri hana budi kuamua: ayarudie maneno hayo kama yalivyo, au ayabadilishe ili msomaji wa leo asichoke?

KILA MFASIRI NA NJIA YAKE

Mwaka 1861 Matthew Arnold alichapisha mafundisho aliyoyatoa Oxford, akasema ya kuwa Homer ana sifa nne: mwendo wa haraka, maneno yaliyo wazi, mawazo yaliyo wazi, na utukufu. Kuzishika zote nne pamoja ni kazi ngumu, na kwa sababu hiyo tafsiri hazifanani.

Alexander Pope, aliyetoa Iliad yake kati ya 1715 na 1720, alishika utukufu, akatia na vina vya Kiingereza. Yasimuliwa kwamba mtaalamu Richard Bentley alimwambia ya kuwa shairi ni zuri, lakini asiliite Homer. E. V. Rieu aliiacha njia ya mashairi kabisa. Odyssey yake ya mwaka 1946 ni hadithi ya maneno ya kawaida, nayo iliwafikia watu wengi ambao hawakupata kusoma ushairi wo wote. Richmond Lattimore, katika Iliad yake ya 1951, alifuata mistari ya Kiyunani kwa karibu sana. Robert Fagles, katika Iliad ya 1990 na Odyssey ya 1996, aliandika mistari yenye nguvu ya kusomwa mbele ya watu. Emily Wilson alitoa Odyssey mwaka 2017 na Iliad mwaka 2023. Katika Odyssey yake idadi ya mistari ni ile ile ya Kiyunani, na maneno yake ni mepesi.

NENO MOJA, HUKUMU MBILI

Tofauti hizo si za sauti tu. Katika kitabu cha 22 cha Odyssey, Odysseus amekwisha waua wale waliotaka kumwoa mkewe. Kisha wanawake kumi na wawili wa nyumba yake, waliolala na wanaume hao, walazimishwa kuzichukua maiti nje na kuosha damu, na mwisho wanyongwa kwa kamba na Telemachus, mwana wa Odysseus. Utenzi wawafananisha na ndege walionaswa wavuni walipokuwa wakitafuta mahali pa kulala.

Je, wanawake hao walikuwa nani? Tafsiri nyingi za Kiingereza ziliwaita watumishi wa nyumbani. Lakini neno la Kiyunani lataja wanawake waliomilikiwa na bwana wao, yaani wajakazi, na Wilson alisema wazi kwamba walikuwa watumwa. Tena wafasiri wengine walitia kinywani mwa Telemachus matusi ya kuwaita makahaba, na hali mahali pale Kiyunani hakina neno hilo. Chasema kwamba walilala na wanaume wale.

Msomaji wa Kiswahili ajua vema tofauti ya mtumishi na mjakazi. Mtumishi aweza kuiacha kazi, lakini mjakazi hana pa kwenda. Kama hao kumi na wawili walikuwa wajakazi, basi yafaa kuuliza kama waliweza kuwakataa wanaume wenye silaha waliojaa nyumbani. Homer hakulijibu swali hilo, lakini mfasiri aliyeweka neno jingine amelifunika, na msomaji amekwisha hukumu bila kujua.

NJIA YA KUSOMA

Kwa hiyo mwenye kuanza na achukue tafsiri anayoielewa bila taabu, hata ikiwa si ya mashairi, apate kuishika hadithi. Orodha ndefu ya merikebu katika kitabu cha 2 cha Iliad aweza kuipita upesi mara ya kwanza. Asome utangulizi wa mfasiri, maana humo hueleza alichokishika na alichokiacha. Asome kwa sauti, kwa kuwa tenzi hizi zilikusudiwa masikio. Na anapofika mahali pazito, kama pale wajakazi wanaponyongwa, atafute tafsiri ya pili na kuzilinganisha.

Yako mambo ambayo yamevuka salama katika tafsiri zote. Katika kitabu cha mwisho cha Iliad, mzee Priam aingia usiku katika kambi ya adui, apiga magoti mbele ya Achilles na kuibusu mikono iliyomwua mwanawe, akiomba apewe maiti akaizike. Achilles amkumbuka baba yake mwenyewe, na wote wawili walia. Mfasiri aweza kuchagua maneno ya namna yo yote, lakini msomaji hatakosa kuuelewa uchungu wa mzee huyo.